Kabla Nyumba Haijaanza Kujiwashia Taa

Mama yangu alikuja kutoka Tanga kukaa nasi wiki tatu, na usiku wa pili alijitwika kazi ya kuchambua mchele. Alikaa jikoni kwenye kigoda, ungo magotini, miwani puani, vidole vikisogeza punje moja moja, mawe upande huu, chuya upande ule. Mwezi mmoja kabla nilikuwa nimefunga kihisi cha mwendo juu ya mlango wa jikoni na nilijivunia sana kazi ile. Baada ya dakika tatu taa ikazimika. Mama akainua mkono, ikawaka. Akaendelea kuchambua. Ikazimika tena. Mara ya nne nikamsikia akiniita: "Mwanangu, hii taa yako hainioni."

Nilimwomba radhi, nikakichomoa kihisi usiku uleule, nikamwachia swichi ya ukutani. Kesho yake nikaanza kukagua upya kila nilichokifunga nyumbani, na haikuchukua muda nikakutana na kosa la pili. Taa ya ukuta wa nyuma, inayoangaza upande wa tangi la maji, kwenye simu yangu ilionekana imezimwa, na ilikuwa imeonekana hivyo kwa siku sita. Nilipozunguka nyuma saa nane mchana nikaikuta inawaka, jua likiwa kali juu yake. Ilikuwa taa ya wati 20. Siku sita usiku na mchana ni karibu uniti 3 za LUKU. Moduli niliyoifunga ilikuwa ya rimoti ya redio ya megahezi 433, ya aina inayopokea amri na kunyamaza. Mtu alikuwa ameiwasha kwa rimoti iliyoning'inizwa mlango wa nyuma, na simu yangu haikuwa na njia yoyote ya kujua. Ilikuwa inanionyesha amri yangu ya mwisho, nami nikaisoma kama hali ya taa.

Makosa hayo mawili yanatoka tumbo moja. Jikoni nyumba ilichukua mwendo ikadhani ndio mtu. Nyuma ya nyumba ilichukua amri ikadhani ndiyo taa. Tangu hapo kila anayeniuliza anunue nini ili nyumba yake ijiendeshe, namrudisha kwanza kwenye maswali mawili: nyumba itajuaje kwamba taa imewaka kweli, na itajuaje kwamba mtu yumo kweli? Asiye na jibu la maswali hayo, nyumba yake itamsumbua kila siku, hata akinunua vifaa vya bei gani.

Tuanze na taa. Wenye hita ya maji bafuni wanaijua swichi yake yenye kitaa chekundu. Unalala kitandani, unachungulia koridoni, unaona wekundu ule, unajua kuna aliyesahau kuzima. Hiyo ni taarifa ya hali, na imekuwepo majumbani mwetu zamani kabla ya simu za kisasa. Lakini uangalie kinachokuambia. Kinakuambia umeme umepita kwenye swichi. Hita ikiungua koili yake, kitaa kitaendelea kuwaka, na maji yatabaki baridi. Kila taarifa ya hali imechunguliwa mahali fulani kwenye njia, na yaliyo mbele ya hapo haiyaoni. Amri inatoka kwenye simu, inapita kwenye ruta, inafika kwenye moduli, moduli inavuta rilei, rilei inafunga njia ya umeme, umeme unafika kwenye balbu, balbu inatoa mwanga. Muulize anayekuuzia kifaa: taarifa yake inachunguliwa hatua ipi?

Vifaa vingi vya bei ya kawaida vinachungulia kwenye rilei. Moduli inasema "nimeivuta," basi simu inaandika "imewaka." Kwa taa ya kawaida yenye swichi moja, hiyo inatosha, kwa sharti kwamba moduli yenyewe inatuma habari kila rilei inapobadilika, iwe kwa amri ya simu au kwa kidole ukutani. Hapa ndipo ile ya redio iliponiangusha.

Mahali panapoleta matata zaidi ni ngazi na korido ndefu, palipo na swichi mbili za kuwasha taa moja. Kwenye swichi za namna hiyo, kuwa juu au chini hakumaanishi chochote. Kunategemea mwenzake wa upande wa pili amekaaje. Ukiingiza rilei mahali pa swichi mojawapo, basi rilei iliyovutwa inaweza kuwa taa imewaka au imezimika, kutegemea nani amebonyeza upande wa pili. Nimeona watu wakiishi miezi na programu inayosema kinyume, wakajizoeza kusoma "imezimwa" kama "imewaka," mpaka siku mgeni akibonyeza swichi ya juu mambo yanageuka tena.

Dawa ya hapo ni kuchungulia baada ya swichi zote mbili, kwenye waya unaokwenda kwenye taa. Inatumika moduli ndogo ya optokapla, inayofungwa kati ya waya ule na nyutro. Ndani ya optokapla mna kitaa kidogo sana cha LED na jicho linalokitazama, vyote vimefungiwa gizani. Waya ukipata umeme, kitaa kinawaka, jicho linaona, na upande wa pili kidhibiti kinapata ishara ya volti 3.3. Habari inavuka kwa mwanga tu. Volti 230 zinabaki upande wao. Anayeandika programu akumbuke kwamba umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo ishara inakuja kwa kupigapiga. Ukiisoma mara moja unaweza kuikuta chini wakati taa inawaka. Hesabu mapigo ndani ya sehemu ya sekunde, ukiyapata sema imewaka.

Wapo wanaopendelea kupima mkondo wa umeme wenyewe, kwa sababu unafichua hata balbu iliyoungua: njia ina umeme lakini hakuna kinachotumika. Wazo ni zuri, ila vipimo vya bei nafuu vimetengenezwa kwa mizigo mikubwa. Balbu ya LED ya wati 9 inavuta chini ya sehemu ya kumi ya ampea. Kipimo kinachopendwa na wanafunzi wa elektroniki, ACS712 cha ampea 5, kinatoa milivolti 185 kwa kila ampea. Balbu hiyo inakupa milivolti chache tu, na kelele za kipimo chenyewe zinaizidi. Kwa pampu ya maji, hita au kiyoyozi, pima mkondo kwa moyo mkunjufu. Kwa balbu moja, nunua moduli yenye kipimo cha wati ndani yake, au tumia optokapla.

Njia ya mwisho ni jicho la mwanga linaloitazama taa yenyewe. Kijiti cha upinzani kinachobadilika kwa mwanga ni cha bei ndogo sana, na kinaona mwisho kabisa wa safari: mwanga upo au haupo. Adui yake ni jua. Kifunge ndani ya kipande kifupi cha bomba jeusi kilichoelekea taa peke yake, la sivyo asubuhi kitakuambia taa zote za nje zimewaka.

Sasa neno kuhusu nyaya, kwa sababu ndipo mipango mingi inapokwama. Fungua boksi la swichi katika nyumba nyingi za Dar es Salaam utakuta waya wa moto unaoingia na waya unaorudi kwenye taa, basi. Nyutro imebaki juu darini. Swichi za kisasa zinahitaji kula umeme kidogo muda wote ili zibaki macho, na bila nyutro haziwezi. Zipo zinazouzwa kwamba hazihitaji nyutro. Hizo zinapitisha mkondo mdogo kupitia balbu yenyewe hata ikiwa imezimwa, na balbu ndogo za LED huwa zinakonyeza au zinabaki na mwanga hafifu kama kimulimuli usiku kucha. Kuna kapasita ya kuweka kwenye taa ili kutuliza hali hiyo, na mara nyingi inafanya kazi. Lakini kama nyumba imekwisha na kupigwa rangi, mimi naweka moduli darini, kwenye kiungo cha taa, ambako nyutro ipo, na swichi ya ukutani naipa kazi ya kupeleka ombi kwa moduli. Unayejenga sasa hivi, mwambie fundi avute nyutro mpaka kila boksi la swichi na achague maboksi yenye kina kirefu. Leo ni gharama ya waya. Baada ya plasta ni gharama ya kubomoa.

Na tafadhali swichi ya ukutani isiondolewe. Nimeingia nyumba moja ya jamaa zangu ambako taa ya chumba cha wageni ilikuwa inawashwa kwa simu tu. Mgeni alilala na taa inawaka kwa sababu aliona haya kugonga mlango wa mwenyeji saa sita usiku. Mtoto, mzee, dada wa kazi, jirani aliyekuja kuangalia nyumba mkiwa msibani, wote hao wana haki ya kuwasha taa kwa kidole.

Ukiwa na taarifa ya kweli, jifunze pia kukiri usichokijua. Programu nyingi zina hali mbili: imewaka, imezimwa. Nyumba yako iwe na tatu, na ya tatu ni "haijulikani." Wanaotumia itifaki ya MQTT wana zana nzuri kwa kazi hiyo. Ilibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya mabomba ya mafuta yaliyokuwa yakisomwa kupitia satelaiti, mahali ambapo mawasiliano ni ghali na hukatika, hali ambayo sisi tunaifahamu vizuri. Ndani yake kifaa huacha wosia, na ndilo jina lake hasa. Kikiungana tu na seva kinaiachia ujumbe: nikinyamaza bila kuaga, watangazie kwamba sipo. Umeme ukikatika kwenye banda la nyuma, seva inasoma wosia, na simu yako inaonyesha kijivu badala ya kukudanganya kwamba taa imezimwa.

Itifaki hiyohiyo ina mtego ambao umewasumbua wengi. Ujumbe unaweza kuhifadhiwa na seva ili kila anayeungana aupate papo hapo. Hifadhi ujumbe wa hali. Usihifadhi ujumbe wa amri. Ukihifadhi amri ya "washa" uliyoituma juzi saa mbili usiku, kila umeme ukirudi moduli itaungana, itapewa amri ya juzi, nayo itatii. Programu ya Tasmota, inayowekwa kwenye moduli nyingi za waifai, imetenganisha kabisa njia hizo mbili: amri zinapita kwenye njia inayoanza na cmnd, majibu yanarudi kwenye njia inayoanza na stat. Hata usipotumia Tasmota, utaratibu huo ni wa kuigwa.

Kuhusu umeme kurudi, kila kifaa ukinunuacho kiulizwe: kikizimika na kuwashwa tena, kinaanza na hali gani? Kuna balbu zenye waifai ndani ambazo, zisipopangwa vingine, zinaamka na mwanga wote. Umeme ukirudi saa tisa usiku nyumba nzima inang'aa na watoto wanaamka. Panga taa za vyumba vya kulala zianze zikiwa zimezimwa, taa ya korido irudi ilivyokuwa, na taa ya getini iwake kama ni usiku. Hii ni kazi ya nusu saa kwenye mipangilio.

Tukirudi kwa mama na ungo wake: kwa nini kihisi hakikumwona?

Kihisi cha kawaida cha mwendo kina vipande viwili vidogo ndani, vimekaa sambamba, vinavyohisi miale ya joto. Joto likivigusa vyote kwa pamoja, vinafutana. Joto likihama kutoka kwenye kipande hiki kwenda kile, tofauti inazaliwa, na kihisi kinapiga ishara. Kile kifuniko cheupe chenye vigae vigae ni lenzi, ya aina aliyoibuni Mfaransa Augustin-Jean Fresnel miaka ya 1820 kwa minara ya kuongozea meli; hapa inagawa chumba kuwa vipande vipande kama vya chungwa, na mwili wako ukivuka kutoka kipande kimoja kwenda kingine ndipo unaonekana. Ndiyo maana anayekatiza mbele ya kihisi huonekana upesi, na anayekijia moja kwa moja huchelewa kuonekana. Aliyekaa akisogeza vidole haonekani kabisa.

Huku pwani kuna tatizo la ziada ambalo maelekezo ya ndani ya boksi hayalitilii uzito. Ngozi ya mtu ina nyuzi joto 33 au 34 hivi. Februari, sebule ya Kigamboni, Mombasa au Unguja isiyo na kiyoyozi inafika 31 au 32 jioni. Kihisi kinachotafuta tofauti ya joto kimeachiwa digrii mbili tu. HC-SR501, kihisi kidogo kinachotumika sana na wanaojiundia wenyewe, kimeandikwa kuwa kinafika mita 7, lakini katika joto la namna hiyo usikitegemee kwa umbali huo. Kifunge karibu, mita 3 au 4 na mahali mtu anapopita, na ukifunge mahali ambapo watu watakatiza mbele yake. Kisielekee dirisha linalopigwa na jua la jioni, wala mdomo wa kiyoyozi. Na kiangalie mara kwa mara: mjusi kafiri akipanda juu ya lenzi kufuata wadudu wa taa, anawasha taa mara kumi kwa usiku mmoja. Nimeacha kufunga vihisi jirani kabisa na taa ya nje kwa sababu hiyo.

Jambo jingine dogo: HC-SR501 inapopata umeme inahitaji kama dakika moja kutulia, na ndani ya dakika hiyo inaweza kupiga ishara za uongo. Mahali ambapo umeme hukatika mara nyingi, ni lazima programu ipuuze dakika ya kwanza. Kama kihisi kimeunganishwa na king'ora, usipofanya hivyo utaamsha mtaa.

Kwa mtu aliyetulia tumia rada ndogo. Zinazopatikana sana hufanya kazi kwenye gigahezi 24, na nyingine 60. Zinatuma mawimbi na kusikiliza yanavyorudi, na kifua kinachopanda na kushuka kwa kupumua kinatosha kuzijulisha kwamba mtu yupo. Joto la chumba haliziathiri, jambo ambalo kwetu ni faraja kubwa. Ningekuwa nayo usiku ule, mama angemaliza mchele wake bila kupunga mkono.

Lakini rada ina adui wake nyumbani kwetu, naye ni pangaboi. Kwa rada, mapanga yanayozunguka darini ni kitu kinachotembea bila kuchoka, kwa hiyo chumba chenye pangaboi huonekana kina mtu usiku na mchana. Pazia linalopeperushwa na upepo wa dirishani nalo vilevile. Hapa ndipo upangaji wa kifaa unapolipa. LD2410, rada ndogo ya gigahezi 24 ninayoitumia, inagawa umbali wake kwa vipande vya sentimita 75, na kila kipande kina kiwango chake cha usikivu, kimoja kwa mwendo na kingine kwa aliyetulia. Nilikaa sebuleni na kompyuta jioni nzima, pangaboi likizunguka kasi ya mwisho, chumba kitupu, nikisoma nguvu ya mwangwi kwa kila kipande. Pangaboi lilijitokeza wazi kwenye kipande cha nne. Nilikipunguzia usikivu hicho peke yake, kisha nikahamisha rada kutoka darini na kuiweka ukutani, kimo cha kifua, ikielekea makochi, mbali na mapanga. Baada ya hapo ikaacha kudanganyika. Jihadhari pia na kuta nyembamba: mawimbi hayo yanapita kwenye mlango wa mbao na ubao wa jipsamu, yakakuletea habari za chumba cha pili. Ukuta wa tofali na plasta unayapunguza sana.

Sebuleni ninatumia vyote viwili pamoja. Kihisi cha joto kinawasha upesi mtu akiingia, na rada inashikilia taa mpaka wa mwisho atoke. Kuwasha kunahitaji ushahidi wa haraka, kuzima kunahitaji ushahidi mzito zaidi, kwa sababu taa ikiwaka bure kwa dakika mbili hakuna anayeumia, na ikizimika mtu akiwa ameshika sufuria ya mafuta ya moto ni hatari.

Choo na bafu vina ufumbuzi wake, na ni wa bei ndogo kuliko rada. Weka sumaku ya mlango pamoja na kihisi cha kawaida. Kanuni ni hii: mlango ukifungwa, na baada ya kufungwa kukaonekana mwendo ndani, basi kuna mtu, na ataendelea kuwemo hata akitulia kama jiwe, mpaka mlango utakapofunguliwa. Hakuna aliyetoka kupitia ukutani. Wanaojenga nyumba za namna hii wanaiita kanuni ya nyigu kwenye sanduku. Inavunjika mahali pawili tu, penye pazia badala ya mlango, au ambapo watoto wadogo huacha mlango wazi. Hapo rudi kwenye muda mrefu, dakika 10 au zaidi.

Nani awashe? Korido, stoo, ngazi na choo, nyumba iwashe yenyewe. Mikono inakuwa imebeba vitu na hakuna anayetaka kutafuta swichi. Vyumba vya kulala, mtu awashe kwa mkono wake, nyumba izime tu chumba kikibaki kitupu. Usingizi wa mtu haupaswi kukatizwa kwa kuwa mwenzake amegeuka kitandani. Muda wa kusubiri kabla ya kuzima unategemea chumba: koridoni dakika moja inatosha, jikoni kwa kihisi cha joto pekee usishuke chini ya 15. Na kabla ya kuzima, taa ipungue mwanga kwa nusu kwa sekunde 30. Aliyemo ataona, atajisogeza, na nyumba itamwachia. Hiyo nayo ni taarifa ya hali, safari hii nyumba ikimwarifu mtu inachokusudia kufanya.

Kwa taa za nje, usihangaike sana na jicho la mwanga. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo hivi na saa moja kasoro mwaka mzima. Saa ya kawaida iliyopangwa vizuri inatosha. Ukitaka jicho, liweke mahali ambapo mwanga wa taa linayoiongoza haulifikii. Likiiona taa yake litadhani kumekucha, litazima, litaona giza, litawasha, na litaendelea hivyo hadi alfajiri.

Nisikufiche kuhusu LUKU. Balbu ya wati 9 iliyosahaulika saa 10 imekula uniti 0.09. Kwa balbu peke yake, vihisi hivi vitachukua muda mrefu kurudisha gharama yake. Kiyoyozi kidogo kinavuta karibu wati 800 kompresa inapofanya kazi, kwa hiyo saa moja ya kupoza chumba kitupu inameza kile ambacho balbu hiyo ingemeza kwa siku kadhaa. Kama unachotafuta ni akiba, taarifa ya uwepo ipeleke kwanza kwenye kiyoyozi na hita, na taa zifuate kwa ajili ya raha na usalama wa miguu gizani.

Kuna jambo ninalolisema kwa kila familia, na ninalisema kwa msisitizo. Kumbukumbu za uwepo zinaeleza nani alikuwa chumba gani na saa ngapi. Usizitumie kumchunga dada wa kazi, na usiweke kihisi chumbani kwake bila yeye kujua na kukubali. Chumba kile ni chake kama cha kwako kilivyo chako. Kumbukumbu hizo pia zinaonyesha siku ambazo nyumba ni tupu, na mwizi angezipenda. Mfumo kama Home Assistant unaweza kukaa kwenye kompyuta ndogo ndani ya nyumba na kufanya kazi bila kupeleka chochote nje. Na kwa kuwa hautegemei intaneti, bando likiisha taa zinaendelea kukutii. Futa kumbukumbu za uwepo baada ya siku chache. Hazina kazi baada ya taa kuzimika.

Kazi yoyote ya volti 230 ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, swichi kuu ikiwa imezimwa na yeye mwenyewe akiwa amepima kwa testa. Lakini kupokea kazi ni juu yako, na usipokee mchana. Njoo jioni. Washa pangaboi, kaa kwenye kochi na gazeti nusu saa bila kujitikisa zaidi ya kugeuza kurasa, uone kama taa itakuacha gizani. Kisha tokeni wote, mhesabu taa inachukua muda gani kuzimika. Mtu mmoja ashike simu, mwingine abonyeze kila swichi ya nyumba mara mbili, na yule wa simu ataje kwa sauti anachokiona. Penye tofauti, fundi arudi. Mwisho zima swichi kuu, ngoja dakika mbili, rudisha, usimame katikati ya nyumba uangalie zipi zimejiwasha. Andika kwenye karatasi kila moduli ilipo, swichi inayoiongoza na jinsi ya kuipita ikifa, uibandike ndani ya mlango wa boksi la breka, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa ambazo mama yangu anaweza kuzisoma bila miwani.